Michael Kamen, mwanaroki aliyeingia sinema

Michael Kamen alizaliwa New York mwaka 1948. Katika kundi la roki la New York Rock & Roll Ensemble alipiga oboe, aina ya zumari aliyoisomea Juilliard; jambo geni kwa wanaroki. Sinema ndizo zilizompa jina: Die Hard, kisha Robin Hood ya 1991. Wimbo wake, alioushirikiana na Bryan Adams, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 16 mfululizo. Roki hakuiacha: mwaka 1999 aliongoza okestra ya San Francisco ikipiga pamoja na Metallica.

Baada ya kutunga muziki wa filamu kuhusu mwalimu wa muziki, alianzisha shirika la kuwapatia wanafunzi ala. Alifariki London, Novemba 18, 2003, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 55.