Akii-Bua: Kijana aliyeishangaza dunia kwa sekunde 47.82, angefika wapi?

Ukivuka Mto Kagera pale Murongo, wilayani Kyerwa, umeshaingia Uganda, nchi iliyomtoa John Akii-Bua. Ni miaka mingi tangu afariki, lakini swali moja halijaisha kwa wapenzi wa riadha: yule kijana angefika wapi kama angeachwa akimbie?

Alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Abako, kaskazini mwa Uganda, kwenye familia ya watoto zaidi ya 40 wa baba mmoja. Akaingia polisi, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alimhamishia kwenye mita 400 kuruka viunzi. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akashika nafasi ya nne.

Basi hata alipofika Munich mwaka 1972, wengi walikuwa wanamtazama bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza. Fainali ilikuwa Septemba 2. Akii-Bua, miaka 22, alipangiwa leni ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo hakuna mkimbiaji anayeitamani. Akamaliza kwa sekunde 47.82! Rekodi ya Hemery ya 48.12 ikafa, na kwa mara ya kwanza mtu akashuka chini ya sekunde 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. Yeye hata hakusimama kupumzika, aliendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi visivyokuwepo.

Wapo wanaosema alibahatisha siku moja tu. Hoja hiyo haina miguu. Miezi michache baadaye, Januari 1973, alishinda tena kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos.

Kilichomkwamisha zaidi hakikuwa miguu, ingawa majeraha nayo yalimsumbua. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal. Mmarekani Edwin Moses akachukua dhahabu na kuvunja rekodi ya Akii-Bua bila wawili hao kukutana kwenye fainali iliyosubiriwa sana.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila lililoandamwa na utawala wa Idi Amin. Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera, Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Katika vurugu hizo bingwa wa Olimpiki akakimbilia Kenya, akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kwenda Ujerumani Magharibi, akafanya kazi huko.

Moscow 1980 alikimbia, hakufika fainali. Miaka ya 1980 akarudi Uganda, akawa kocha.

Alifariki Juni 20, 1997 akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi 2012 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, ya Stephen Kiprotich kwenye marathoni ya London.