Cousteau: Mzamiaji aliyelipua matumbawe kisha akaitetea bahari

KABLA ya mwaka wa 1943, aliyetamani kuyaona matumbawe kwa karibu kwa kawaida alizuia pumzi kwa muda mfupi, au alivaa kofia nzito ya shaba iliyounganishwa na meli kwa bomba la hewa. Jacques-Yves Cousteau ni miongoni mwa waliomfungua mzamiaji pingu hizo.

Alizaliwa Juni 11, 1910, huko Saint-André-de-Cubzac, Ufaransa. Alijiunga na chuo cha wanamaji mnamo 1930 na akanuia kuwa rubani, lakini ajali ya gari ilimvunja mikono na kuizima ndoto hiyo. Ili kuirejeshea mikono nguvu, alianza kuogelea karibu na Toulon. Siku moja alivaa miwani ya majini, akainamisha uso, na tangu hapo bahari ikamteka.

Mnamo 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan waliunda kifaa kilichompa mzamiaji hewa kutoka kwa mitungi ya mgongoni kila alipovuta pumzi. Mwaka wa 1950 alipata Calypso, meli iliyowahi kutumiwa kuondoa mabomu ya baharini.

Katika safari zake, Calypso ilifika kisiwa cha Assumption, karibu na Aldabra, Shelisheli. Humo matumbaweni, chewa mmoja aliwazoea wazamiaji hata akawa anawafuata. Filamu iliyotokana na safari hizo, Le Monde du silence, ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1956 na Oscar mwaka uliofuata.

Hata hivyo, filamu hiyo hiyo ilihifadhi aibu yao. Inawaonyesha wakilipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, na wakiwaua papa waliomla mtoto wa nyangumi ambaye meli yao wenyewe ilikuwa imemjeruhi.

Majuto ni mjukuu. Mnamo 1960 Cousteau aliongoza upinzani dhidi ya kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, na mwaka wa 1973 akaanzisha shirika la kutetea bahari. Hakuacha kazi hiyo hata baada ya mwanawe, Philippe, kufariki katika ajali ya ndege mnamo 1979. Alifariki Paris, Juni 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 87.

Leo wanaozamia Watamu na Kisite hupumua kwa vifaa vilivyotokana na kile cha 1943. Kile ambacho baruti ilibomoa kwa kufumba na kufumbua, matumbawe yalikuwa yamekijenga kwa miaka mingi.