Hyslop, mtaalamu aliyewafuata walimu wa kwaya

BENDERA inapopandishwa katika shule za umma mtaani Shauri Moyo, Nairobi, wanafunzi huimba wimbo wa taifa. Wachache wanamfahamu Graham Hyslop, mmoja wa wanakamati watano waliouandaa mwaka 1963 pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Mwingereza huyo alikuwa Afisa wa Muziki na Drama wa serikali ya kikoloni, kisha mkaguzi wa muziki katika Wizara ya Elimu. Mwaka 1964 alichapisha mwongozo wa walimu na viongozi wa kwaya. Mwaka 1975 akatoa kitabu kuhusu ala za asili za Kenya. Aliandika pia tamthilia za Kiswahili, ikiwemo Afadhali Mchawi ya 1957.

Hakudharau sauti za wenyeji: wimbo wa taifa wenyewe ulitokana na bembezi ya Wapokomo.

Hyslop aliaga dunia zamani, ila swali lililomshughulisha lingalipo. Mtoto wa mtaa kama Shauri Moyo, asiyeweza kulipia mafunzo ya faragha, atajifunza muziki wapi iwapo mtaalamu hamfikii darasani?