Martin Luther: Mtawa aliyebadili sura ya Ukristo

KILA ifikapo Oktoba 31, Walutheri duniani, wakiwamo wa Tanzania, huadhimisha Siku ya Matengenezo ya Kanisa. Chimbuko la kumbukumbu hiyo ni mtawa mmoja wa Kijerumani ambaye hakukusudia kuanzisha dhehebu jipya, bali aliuliza swali lililowagusa wakubwa na wadogo: je, msamaha wa Mungu waweza kupatikana kwa fedha?

Martin Luther alizaliwa Novemba 10, 1483 katika mji wa Eisleben, Ujerumani. Baba yake, Hans, alijipatia riziki katika migodi ya shaba, na alitamani mwanawe awe mwanasheria. Kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 1505, kisha akaanza masomo ya sheria.

Julai 2, 1505, akiwa njiani kurejea Erfurt, alikumbwa na dhoruba kali na radi ikapiga karibu naye. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba angekuwa mtawa. Siku 15 baadaye alibisha hodi katika monasteri ya Waagustino, jambo lililomkasirisha mno baba yake.

Huko alifunga, alikesha na kuungama kwa saa nyingi, lakini moyo wake haukutulia. Alipewa upadri mwaka 1507, na mwaka 1512 akawa daktari wa teolojia na mwalimu wa Maandiko katika chuo kikuu cha Wittenberg. Ni katika kuufundisha Waraka wa Paulo kwa Warumi ndipo alipofikia hitimisho kwamba mwanadamu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, wala si kwa wingi wa matendo yake.

Wakati huo mhubiri Johann Tetzel alikuwa akinadi hati za rehema katika maeneo jirani. Kwa mafundisho ya Kanisa, hati hizo hazikufuta dhambi yenyewe, bali adhabu ya muda iliyobaki baada ya toba, hata ile ya toharani. Watu wa kawaida, hata hivyo, walielewa kuwa wamenunua wokovu wao na wa marehemu wao. Sehemu ya mapato ilikwenda Roma kujenga Basilika la Mtakatifu Petro, na sehemu ililipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa mabenki ya ukoo wa Fugger.

Oktoba 31, 1517, Luther alimwandikia Askofu Mkuu huyo akiambatanisha hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Simulizi mashuhuri husema alizigongomea pia katika mlango wa kanisa la ngome ya Wittenberg, ingawa wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo. Kwa msaada wa mitambo ya uchapaji, hoja hizo zilienea Ujerumani kote kwa muda mfupi.

Katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, mpinzani wake, Johann Eck, alimbana hadi akakiri kwamba baadhi ya mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, yalikuwa ya Kikristo. Luther aliwatolea mfano pia Wakristo wa Mashariki, ambao walidumu katika imani bila kuwa chini ya Papa. Tangu hapo ugomvi haukuwa tena wa hati za rehema, bali wa mamlaka: nani mwenye neno la mwisho, Papa na mitaguso au Maandiko?

Papa Leo wa Kumi alimtenga na Kanisa Januari 3, 1521. Aprili mwaka huo aliitwa Worms mbele ya Kaisari Karl wa Tano, kijana wa miaka 21, akatakiwa kuvikana vitabu vyake. Aliomba siku moja ya kutafakari, kisha akakataa, akieleza kuwa dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Alitangazwa kuwa mhalifu, na mtu yeyote angeweza kumkamata.

Mtawala wa Saxony, Frederick, alimficha katika ngome ya Wartburg. Akiwa amefuga ndevu na kujiita Jörg, alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwa muda wa takriban wiki 11. Lilichapishwa mwaka 1522, na Biblia nzima ya Kijerumani ikatoka mwaka 1534.

Mafundisho yake yaliacha tofauti zinazoonekana hadi leo. Wakatoliki na Waorthodoksi wana sakramenti saba. Walutheri walibaki hasa na Ubatizo na Chakula cha Bwana. Luther alifundisha ukuhani wa waamini wote, akawapa walei kikombe, na kuruhusu wachungaji waoe. Yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, mwaka 1525, wakajaliwa watoto sita.

Hata hivyo, Waprotestanti hawakuwa kitu kimoja. Mwaka 1529 huko Marburg, Luther na Huldrych Zwingli wa Uswisi walikubaliana hoja 14 kati ya 15, wakashindwana kuhusu uwepo wa mwili na damu ya Kristo katika mkate na divai. Mwaka 1534, kwa upande mwingine, Luther alimpokea Mikaeli, shemasi kutoka Ethiopia, akafurahi kuona mengi wanayoafikiana.

Maisha yake yana madoa pia. Wakulima walipoasi mwaka 1525, aliwahimiza watawala kuwaangamiza, na makumi ya maelfu waliuawa. Mwaka 1543 aliandika kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, ambacho Wanazi walikitumia karne nne baadaye. Makanisa ya Kilutheri yameyakana maandishi hayo.

Luther alifariki Februari 18, 1546 huko huko Eisleben, alikokwenda kuwapatanisha watawala wa Mansfeld, akiwa na umri wa miaka 62.

Wamisionari wa Kijerumani waliifikisha imani hiyo Tanganyika katika karne ya 19, na mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Oktoba 31, 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, fundisho lile lile lililokuwa kiini cha mfarakano. Meza ya Bwana, hata hivyo, bado hawajaishiriki pamoja.