Freddie Mercury: Mtoi wa Zanzibar Ambaye Albamu Zake Bado Zinaleta Vita

Kabla tuanze, gonga meza mara mbili na ngumi, alafu piga makofi mara moja. Rudia hivyo hivyo. Ngoma ushaijua. Hiyo kitu umeigonga kwa dawati shuleni, uwe ulisomea Kitale, Bungoma mjini ama huku kwetu Lwakhakha, siku ya fainali, mwalimu wa zamu akijifanya hasikii. Labda hujui hata bendi inaitwa Queen. Na pengine hakuna mtu aliwahi kukuambia kwamba jamaa anayeimba pale ni mtu wa Afrika Mashariki, amezaliwa Unguja kama yule fundi wa taarab unayemjua.

Stori ya Freddie Mercury watu hupenda kuisimulia kama sinema. Sisi leo tunaipitia kwa njia ingine: kupitia vita ya mafans. Si unajua vile wazee wakikaa na busaa wanaweza kubishana mpaka jioni kama Franco wa miaka ya 60 alikuwa mkali kuliko Franco wa miaka ya 80? Mafans wa Queen ni hivyo hivyo, tangu 1973. Kila albamu ikitoka kuna mbogi inasema bendi imeisha. Lakini mwishoni kuna kitu Freddie alikuwa anajua na wao hawajui, na hiyo kitu ndiyo imenifanya nibadilishe kura yangu.

Tuanze mwanzo. Tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe, Zanzibar, anazaliwa mtoto anaitwa Farrokh Bulsara. Familia ni Waparsi, Wahindi wa asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroaster, na kwao ni Gujarat. Babake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Si familia ya kulala njaa. Akiwa na miaka kama 8 wakampandisha meli mpaka India, shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, milimani. Fikiria hiyo, wewe uliyelia form one na nyumbani ni mwendo wa matatu moja. Huko ndiko alijifunza piano, akaunda bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na wenzake wakamchokoza juu ya meno. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yakasukuma ya mbele. Baadaye akiwa na pesa ya kununua daktari mzima bado alikataa kuyang'oa, akiogopa sauti itabadilika.

Alirudi Zanzibar 1963. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo, siku mbili kabla yetu Kenya. Mwezi mmoja ukiwa ndio umepita tu, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi. Damu ilimwagika, Waarabu na Wahindi wengi wakahepa. Familia ya Bulsara ilifunga masanduku ikaenda kuanza upya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Freddie alikuwa na miaka 17. Watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa hii sehemu sana. Wakati wa Amin kuna familia zilivuka kuja upande wetu na godoro tu kichwani, na mpaka leo ukiwauliza kuhusu kule walikotoka, wanabadilisha stori. Freddie alikuwa hivyo. Zanzibar haikuwa kitu alipenda kuongelea.

London akasomea usanii wa michoro pale Ealing. Na hii utaipenda: baada ya chuo, kazi ilikuwa kuuza mitumba. Yeye na rafiki yake Roger Taylor walikuwa na kibanda pale Kensington Market wakiuza nguo za zamani. Kwa hivyo ukiwa pale sokoni Lwakhakha siku ya soko umeinama kwa rundo la makoti, jua uko kwa kazi ya heshima. Roger alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Smile, pamoja na mpiga gita Brian May. Mwimbaji wao alipotoka 1970, Freddie akaingia. Yeye ndiye alitaka bendi iitwe Queen, yeye ndiye alichora nembo yake, na hapo hapo akajibatiza Mercury. John Deacon wa besi akaja 1971, mbogi ikatimia.

Sasa vita.

Kambi ya kwanza ni ya wale wagumu, na wao wanadai Queen ya kweli ni ile ya mwanzo. Ukiwauliza albamu, watakuambia Queen II ya 1974. Hiyo haikuwa na upande A na B kama santuri zingine. Ilikuwa na upande mweupe na upande mweusi, na ule mweusi wote ni nyimbo za Freddie: majini, malkia, vita, piano inakimbia kama mtu amefukuzwa na mbwa. Hawa wasee wanapenda kukukumbusha kwamba kwa makava ya zile albamu za kwanza bendi iliandika kwa maringo kwamba hakuna sinthesaiza imetumika. Kila mlio wa ajabu unaousikia pale ni gita la Brian May, gita alilojitengenezea nyumbani na babake, shingo yake ikiwa ni mbao ya meko ya zamani. Fundi wa litungu pale Sirisia angewaelewa moja kwa moja.

Kambi ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni ya A Night at the Opera ya 1975. Hapo kuna "Bohemian Rhapsody", dakika 5 na sekunde 55, haina korasi, katikati inageuka opera. Wenye kampuni waliona redio haitaigusa. DJ mmoja wa London, Kenny Everett, akaibebea kwa redio yake na kuicheza mara 14 wikendi moja, na ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Ile kwaya unayosikia ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wakirekodi sauti juu ya sauti mpaka tepu ikaanza kuchoka. Sikiza pia hiyo sehemu ya opera kwa makini. Kuna neno moja la Kiarabu pale, lile ambalo mtoto wa Zanzibar hulisikia kabla ya kila sahani ya chakula. Freddie alikuwa hataki kuongelea Zanzibar, sawa, lakini mimi nikisikia hilo neno najua limetoka wapi. Hiyo ni maoni yangu, usinipeleke kortini.

News of the World ya 1977 ndiyo ilileta ile ngoma ya dawati, na ni Brian aliiandika, si Freddie. Freddie aliandika jirani yake, "We Are the Champions", ile inachezwa kila mahali kombe likiinuliwa. Wagumu walisema hizo ni nyimbo za uwanjani, si za kusikiza. Wacha waseme.

Vita yenyewe ilianza 1980 na albamu ya The Game. Kwanza, sinthesaiza iliingia. Pili, Freddie alikata nywele na kufuga masharubu. Unacheka, lakini Marekani kuna mafans walikuwa wanarusha nyembe za kunyolea stejini! Tatu, kulikuwa na "Another One Bites the Dust" ya John Deacon, besi ya kudansi kabisa, ambayo Michael Jackson ndiye aliwasukuma waitoe kivyake. Ikawa namba moja Marekani, na albamu pia.

Wakalewa na hiyo besi. Mwaka wa 1982 wakatoa Hot Space, karibu upande mzima ni disko na fanki, gita limefichwa kama mgeni asiyealikwa. Manze, mafans waliwaka. Hata ndani ya bendi Brian na Roger hawakuwa na furaha. Mpaka leo ukitaka kuharibu kikao cha watu wa Queen, sema unapenda Hot Space. Sasa mimi naipenda, nusu yake. Mtu aliyehama Unguja, Panchgani, London, aliyebadilisha hadi jina, unataka akae na sauti moja milele? Pia mle ndani kuna "Under Pressure", waliyofanya na David Bowie, na hakuna mtu wa kambi yoyote amewahi kuniambia hiyo ni mbaya.

Lakini kuna kosa ambalo siwezi kulitetea, na halihusu sinthesaiza. Oktoba 1984, Queen walienda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini, hoteli ya starehe ndani ya Bophuthatswana, wakati Mandela bado yuko ndani na Umoja wa Mataifa umeomba wasanii wakae mbali na makaburu. Walijitetea kwamba wanaimbia mashabiki, si serikali. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini. Shoo kadhaa hata hazikufanyika kwa sababu koo la Freddie liligoma. Wewe mtoto wa Afrika, uliyehepa Afrika na familia yako, siku unakuja kuimba Afrika unaenda kuimbia pale? Uchungu zaidi, mwaka huo huo walikuwa wametoa "I Want to Break Free", na watu wa Afrika Kusini walikuwa wanaichukua kama ngoma ya ukombozi. Penda albamu zake zote, lakini hii usiiruke.

Miezi tisa baadaye, 13 Julai 1985, ikaja Live Aid, uwanja wa Wembley, pesa za njaa ya Ethiopia hapa jirani. Watu kama 72,000 uwanjani. Queen walipewa dakika kama 20, na wengi waliamini wameshaisha. Hiyo video iko YouTube, tumia bando yako vizuri. Freddie, singlendi nyeupe na nusu ya stendi ya maikrofoni, aliubeba uwanja mzima mkononi. Shoo yake ya mwisho na Queen ilikuwa 9 Agosti 1986, Knebworth.

Mwaka wa 1987 akapimwa, akapatikana na virusi vya ukimwi.

Aliyekuwa na umri wakati huo hapa kwetu anajua hilo neno lilikuwa na uzito gani. Ng'ambo ya mto, Uganda, waliuita Slim. Kenya serikali ilikuja kuutangaza janga la taifa 1999, na kabla ya hapo matangazo ya vifo yalisema tu marehemu ameugua kwa muda mrefu, kila mtu akaangalia chini. Freddie alikuwa ameishi na Mary Austin miaka ya 70, mwanamke aliyebaki kuwa mtu wake wa karibu mpaka mwisho. Baadaye alipenda wanaume, na miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton. Magazeti ya London yalikuwa yanalala nje ya geti lake yakitafuta picha ya mtu aliyekonda. Yeye alinyamaza, akarudi studio.

Hapo ndipo ubishi wa mafans unageuka kitu kingine. The Miracle ilitoka 1989 na bendi haikuzunguka kupiga shoo. Waliambiwa tu kwamba amechoka na mtindo wa albamu-ziara-albamu-ziara. Februari 1991 ikaja Innuendo. Watu waliikaribisha kama Queen ya zamani imerudi, gita zito, ngoma ndefu, opera kidogo. Wakabishana kama inafikia Queen II, bila kujua wanasikiza mtu anayehesabu siku. "The Show Must Go On" inapanda juu mno, hata Brian aliogopa kama mwenzake ataifikia. Freddie alimeza vodka, akaingia, akaiimba. Rudi uisikize ukijua hivyo. Video yake ya mwisho, "These Are the Days of Our Lives", ilitolewa bila rangi ili usione vizuri alivyoisha.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangazia dunia kwamba ana ukimwi. Kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake Kensington, miaka 45. Alizikwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake, mwili ukachomwa, na majivu yalipo anajua Mary Austin pekee. "Bohemian Rhapsody" ikarudi namba moja tena, na wenzake wakaanzisha mfuko wa kupigana na ukimwi ambao pesa zake zimefika hadi Afrika. Zanzibar haikujua imfanyeje. Mwaka wa 2006 sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kikundi cha dini kupinga. Mwaka wa 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, na watalii wanapiga picha mlangoni.

Kura yangu sasa iko kwa Innuendo, na najua kuna msee hapo Kitale ashaanza kunitukana kwa jina la Queen II. Poa. Ugomvi uliobaki ni kama Made in Heaven ya 1995 inafaa kuhesabiwa, kwa sababu wenzake waliimalizia miaka minne baada ya yeye kufa. Mimi naihesabu, kwa ngoma moja tu, "Mother Love", waliyorekodi Montreux Mei 1991. Freddie aliimba beti akafika karibu mwisho, akasema amechoka, ataimalizia akirudi. Ubeti wa mwisho unaosikia pale ni sauti ya Brian.