Marcel Lihau, mwamuzi aliyemkatalia Mobutu

Ukitoka Kisangani kwa boti kuelekea Kinshasa, unapita Bumba, kisha unafika Lisala. Katika mji huo wa mtoni walizaliwa watu wawili ambao hawakupitana hata mwaka mmoja: Joseph-Désiré Mobutu, Oktoba 1930, na Marcel Lihau, Septemba 1931. Wa kwanza kila mtu anamjua. Wa pili alikuwa raisi wa kwanza wa Korti Kuu ya Kongo.

Wakati wa ukoloni waamuzi wote wenye diplomu ya sheria walikuwa Wabelgiji. Mkongomani kusomea sheria lilikuwa jambo gumu mno. Mapadri Wajesuiti walimsaidia Lihau kujifunza Kilatini, Kigiriki na Kiflamanda, akaingia chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Uhuru ulimkuta bado mwanafunzi.

Kwa watu wa Kisangani, sehemu inayofuata si rahisi kuimeza. Septemba 1960, Kanali Mobutu aliweka pembeni wanasiasa na kukabidhi serikali kwa vijana wasomi, waliojulikana kama Makamishna Wakuu. Lihau alipewa sheria. Ni wakati wa serikali hiyo Patrice Lumumba alikamatwa akiwa njiani kuja kwetu, Stanleyville ya wakati ule, na Januari 1961 akauawa Katanga. Lihau hakushika bunduki, lakini alikuwa ndani ya serikali iliyozaliwa kwa nguvu ya jeshi, na hilo haliwezi kufutwa kwenye maisha yake.

Alirudi shuleni, akamaliza. Mwaka 1964 alikuwa sekretari wa tume iliyoandika katiba huko Luluabourg, Kananga ya leo. Katiba hiyo ndiyo iliyoipa nchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilianza kazi tarehe 1 Agosti. Siku chache baadaye Wasimba waliuteka mji wetu. Maskini katiba, haikupata hata wiki moja ya amani.

Mwaka 1968, Mobutu akiwa sasa raisi wa nchi, Lihau aliwekwa juu ya Korti Kuu. Alikuwa hajatimiza miaka 37. Alidumu hadi Juni 1975. Wanafunzi walikuwa wameandamana, wakapewa adhabu kali, na Lihau alitakiwa kuitekeleza. Alikataa. Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na neno la Mobutu lilikuwa sheria. Lihau alifukuzwa kazi mara moja na kufungiwa nyumbani kwake. Kijana aliyekubali kazi ya kanali mwaka 1960 ndiye huyo huyo aliyemkatalia miaka 15 baadaye.

Hakunyamaza. Mwaka 1982 alikuwa kati ya waanzilishi wa UDPS, pamoja na Étienne Tshisekedi, na mateso yakaanza upya. Mwaka 1985 alikimbilia Marekani, ambako alifundisha sheria za katiba katika chuo kikuu cha Harvard. Alirudi nyumbani mwaka 1990, vyama vingi viliporuhusiwa.

Alifariki Boston, Aprili 1999. Mwezi huo huo alifariki pia mama Sophie Kanza, mama wa watoto wake na mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini Kongo. Wakati huo Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi ya Rwanda na Uganda.