Zhan Tianyou: mtoto wa Guangzhou aliyejenga reli ya milimani

 

Jumamosi iliyopita darasa la wakubwa liliunda treni kwa matofali ya kuchezea. Hawakutaka treni ya mwendo kasi kama zile za kituo cha Guangzhou Kusini. Walitaka treni ya zamani, mfano wa zile za bati za kutiwa ufunguo ambazo watoto wa Ulaya walichezea miaka mia moja iliyopita: kichwa cheusi kifupi, bomba la moshi, magurudumu mekundu na mabehewa matatu. Tulibandika picha ukutani, wao wakahesabu matofali na kuanza kupanga. Kichwa kilitoka vizuri. Tatizo likawa kwenye viungo. Kila walipoivuta treni kupanda ubao tulioinamisha, behewa la mwisho lilichomoka na kurudi chini.

Tulipofika kwenye kuandika majina ya sehemu za treni, mtoto mmoja aliniuliza kwa nini anaandika kwa Kiswahili, wakati shuleni kwake wanasoma Kichina na nyumbani anaangalia katuni za Kiingereza. Sikumjibu vizuri siku ile. Nimekwenda nyumbani nikafikiri, na nimeamua kumjibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa hapa hapa kwetu.

Mtoto wa udongo na saa

Zhan Tianyou alizaliwa tarehe 26 Aprili 1861 katika wilaya ya Nanhai, mkoa huu wa Guangdong. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa majani ya chai, lakini Zhan alipozaliwa biashara ilikuwa imeanguka na maisha nyumbani yalikuwa ya kubana.

Inasimuliwa kwamba alikuwa mtoto wa kuchunguza. Alifinyanga mashine za udongo, akajaza mifuko magurudumu madogo yenye meno, na siku moja akaifungua saa ya nyumbani aone kinachoisukuma mishale. Treni hakuwahi kuiona, kwa sababu China ya wakati ule haikuwa na reli ya abiria. Alicheza na udongo, nanyi mnacheza na matofali ya plastiki. Mchezo ni ule ule.

Karatasi ya baba

Wakati huo alikuwapo mtu wa Guangdong aitwaye Yung Wing. Yeye alimaliza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1854, Mchina wa kwanza kupata shahada katika chuo cha Marekani. Aliishawishi serikali ya mfalme ipeleke watoto wakasome huko: watoto 30 kila mwaka kwa miaka minne, jumla 120. Matajiri wengi hawakutaka kutoa watoto wao. Marekani ilikuwa mbali, na watu waliiogopa.

Rafiki wa familia aitwaye Tan aliwashauri wazazi wa Zhan wakubali. Ndipo baba yake, Zhan Xinghong, akatia sahihi karatasi ya kumtoa mwanawe. Karatasi ile ilisema mtoto anakwenda kwa ridhaa, na kwamba akiugua au akifa huko hakuna wa kulaumiwa. Masomo yalipangwa kuchukua miaka 15.

Mimi ni muuguzi. Nimewapa wazazi wengi fomu ya ridhaa kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji, na najua kalamu inavyokuwa nzito mkononi. Lakini wazazi hao husubiri saa mbili au tatu. Mzee Zhan alitia sahihi ya miaka 15.

Mwaka 1872, Zhan akiwa na miaka 11, kundi la kwanza lilipanda meli Shanghai, likavuka Bahari ya Pasifiki mpaka San Francisco. Kutoka pale walipanda treni kuvuka Marekani nzima, kwenye reli iliyokuwa imekamilika miaka mitatu tu kabla. Mtoto aliyefinyanga mashine za udongo akakaa dirishani siku nyingi, akivutwa na mashine ya kweli.

Shule ya lugha ya nyumbani

Watoto waligawiwa katika familia za Kimarekani za jimbo la Connecticut na jirani zake. Zhan aliishi na familia ya Northrop katika mji wa West Haven. Walijifunza Kiingereza haraka, wakacheza besiboli, na kila mmoja alitakiwa kuendelea kutunza msuko mrefu mgongoni, ambao ulikuwa alama ya raia wa mfalme.

Hapa watoto wetu msikilize vizuri. Katika mji wa Hartford palikuwa na nyumba ya ofisi ya masomo yao. Watoto wote walipaswa kwenda pale kwa zamu, wakakae na walimu wa Kichina, wasome vitabu vya Kichina na kuandika Kichina. Wenzao wa Kimarekani walipokuwa wanacheza, wao walikuwa wanakariri. Hawakuipenda nyumba ile hata kidogo. Naona baadhi yenu mnacheka, maana mnaijua hali hiyo ya Jumamosi asubuhi.

Zhan alimaliza sekondari New Haven mwaka 1878, akaingia Yale kusomea uhandisi wa ujenzi, na hasa reli. Mwaka 1881 akapata shahada. Mwaka huo huo amri ikaja kutoka Beijing: watoto wote warudi. Wakubwa serikalini walisema wamekuwa Wamarekani, wanaisahau lugha, wanasahau kuheshimu wakubwa, na wengine wamekata misuko. Kati ya wale 120, ni wawili tu waliokuwa wamemaliza chuo kikuu. Zhan alikuwa mmoja wao.

Miaka ya kungoja

Waliporudi Shanghai hawakupokelewa kwa shangwe. Waliwekwa chini ya ulinzi siku kadhaa, kisha wakagawiwa kazi bila kuulizwa walichosomea. Mhandisi wa reli Zhan alipelekwa chuo cha wanamaji Fuzhou akajifunze kuendesha meli. Baadaye alirudi Guangdong kufundisha. Kule Marekani aliambiwa ni Mchina mno, na hapa akaambiwa ni Mmarekani mno. Wazazi wenzangu, nadhani hili halihitaji maelezo.

Mwaka 1887 alimwoa Tan Juzhen, binti wa yule rafiki wa familia. Mwaka uliofuata, miaka saba baada ya kurudi, alipata kazi ya reli kule Tianjin. Alianza kazi ya chini, akapanda polepole. Alishiriki kujenga daraja la Mto Luan, ambao chini yake ni mchanga mlaini usioshika nguzo. Nguzo zilijengwa kwa kuzamisha masanduku makubwa yaliyojazwa hewa yenye mgandamizo, watu wakichimba ndani yake chini ya maji. Daraja lilikamilika mwaka 1894. Mwaka 1902 alipewa reli fupi ya kumfikisha Malkia Mama Cixi kwenye makaburi ya kifalme. Aliimaliza kwa miezi minne tu.

Mlima Badaling

Kisha ikaja kazi kubwa. Serikali ilitaka reli ya karibu kilomita 200 kutoka Beijing hadi Zhangjiakou, kaskazini. Waingereza walitaka kuijenga wao, Warusi nao walitaka. Kwa kuwa hawakukubaliana, China ikaamua kuijenga yenyewe, kwa fedha zake na wahandisi wake. Mwaka 1905 Zhan akawa mhandisi mkuu. Wengi walisema hataweza, kwa sababu njia inapita katikati ya milima ya Ukuta Mkuu.

Alikwenda mwenyewe milimani na vifaa vya kupimia, akiwauliza wanakijiji wanaoijua ardhi. Matatizo yalikuwa matatu, na kila moja mnaweza kulijaribu kwa matofali yenu.

La kwanza ni handaki. Chini ya Badaling ilibidi kutoboa mwamba kwa mita 1,091. Ukichimba pande mbili tu, wachimbaji wanakutana katikati baada ya muda mrefu sana. Zhan alichimba pia kisima kutoka juu ya mlima hadi usawa wa njia, wachimbaji wakashuka ndani na kuanza kuchimba kuelekea pande zote mbili. Hivyo kazi iliendelea sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na patasi, nyundo na baruti, na maji waliyatoa kwa ndoo.

La pili ni mwinuko. Katika sehemu kali zaidi treni ilipanda mita moja kwa kila mita 30 za mwendo, na kwenda moja kwa moja kungekuwa kukali kuliko hapo. Karibu na kituo cha Qinglongqiao aliipanga reli ifanane na herufi ya Kichina yenye maana ya mtu, ile ya mistari miwili ambayo hata mtoto wa chekechea wa hapa anaijua. Treni ilikuwa na vichwa viwili, kimoja mbele kinavuta, kingine nyuma kinasukuma. Ilipanda mstari wa kwanza mpaka juu, ikasimama, njia ikabadilishwa, kisha ikaondoka kwa mstari wa pili huku kichwa cha nyuma kikiwa sasa ndicho cha mbele. Mbinu ya namna hii ilikuwa imetumika kwenye milima ya nchi nyingine. Yeye alijua ni wapi aiweke.

La tatu ni lile lililotushinda Jumamosi: viungo vya mabehewa. Kwenye mlima, behewa likichomoka linarudi nyuma na kuua watu. Zhan alichagua kiungo kinachojifunga chenyewe mabehewa yakigusana, kama mikono miwili inayoshikana kwa vidole vilivyokunjwa. Kwa viungo vya zamani mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa kutia pini kwa mkono, na wengi walipoteza vidole. Watu wa China walizoea kusema kiungo hiki alikivumbua Zhan. Ukweli ni kwamba kilivumbuliwa na Mmarekani Eli Janney, aliyepata hataza yake mwaka 1873. Zhan mwenyewe hakudai kuwa ni chake.

Kazi ilipangwa kuchukua miaka sita, ikaisha kwa minne, na fedha zikabaki. Tarehe 2 Oktoba 1909 reli ilifunguliwa kwa sherehe kubwa kituo cha Nankou.

Kamusi

Baada ya hapo Zhan alirudi Guangzhou kusimamia reli ya kwenda Hankou, na mwaka 1912 akaunda hapa chama cha wahandisi. Mwaka 1915 alitoa kitabu kisicho na moshi wala magurudumu: kamusi ya maneno ya uhandisi, Kiingereza kwa Kichina. Vijana waliotaka kujenga reli walihitaji maneno ya lugha yao kwa vitu vipya, naye akawatafutia.

Hili ndilo jibu langu kwa yule mtoto. Huwezi kuandika kamusi ya lugha mbili ukiwa na lugha moja. Zile asubuhi za Hartford alizokaa akikariri huku wenzake wanacheza zilikuja kumfaa yeye na nchi nzima, miaka zaidi ya 30 baadaye.

Mwanzoni mwa mwaka 1919 alitumwa Harbin na Vladivostok kwa mikutano ya reli, katika baridi kali, afya yake ikiwa tayari mbaya. Alirudi Hankou mgonjwa, akafariki tarehe 24 Aprili, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 58. Reli ya Guangzhou hadi Wuhan ilikamilika mwaka 1936, yeye hakuiona. Kaburi lake na la mkewe liko Qinglongqiao, kando ya reli yake. Tangu Desemba 2019 treni ya mwendo kasi inapita chini ya mlima ule ule, na kituo cha Badaling kiko zaidi ya mita 100 chini ya ardhi.

Mimi nimekulia Mbeya, na honi ya TAZARA ndiyo iliyokuwa saa yetu ya nyumbani. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, mahandaki na madaraja mfululizo. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba ujuzi wa kutoboa milima namna ile ulikuwa na historia, na kwamba siku moja ningeishi katika mji wa mtu aliyeianza.

Nyumba ya kumbukumbu yake iko wilaya ya Liwan, karibu na barabara ya Enning. Wazazi, wapelekeni watoto.

Maneno ya wiki

Behewa: gari linalovutwa na kichwa cha treni, mengi ni mabehewa.
Handaki: njia iliyochimbwa chini ya ardhi au ndani ya mlima.
Mwinuko: mahali ardhi inapopanda.
Kiungo: kinachoshika kitu kimoja na kingine.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.

Kazi ya nyumbani

1. Tengenezeni njia ya mistari miwili kama ya Qinglongqiao, kwa matofali au kadibodi, na treni yenye vichwa viwili. Jumamosi tutaipandisha kwenye ubao.
2. Buni kiungo ambacho hakichomoki. Ukiiga cha mtu, useme ni cha nani.
3. Muulize mzazi, au piga simu kwa bibi au babu: safari yao ya kwanza ya treni ilikuwa wapi? Andika sentensi tano kwa Kiswahili.